Gari Lililokula Chumba cha Carelle

Mliponiacha juma lililopita nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mkasi mkono mmoja, shela mkono wa pili, nikimtazama mwanamume niliyekubali anioe akibusu boneti ya gari. Shavu langu lilikuwa palepale, bure kabisa, wala hakuliona.

Kwa waliolifungia maandazi gazeti la juma lile, nitarudia kwa ufupi. Mimi ni Rosette, mtu wa Bukavu kule Kongo, fundi cherehani, mjane, mama wa mtoto mmoja anayeitwa Carelle. Umri wake miaka kumi na minne, mdomo wake miaka arobaini. Zihindula ni makanika, naye wa Bukavu. Alikuja kwangu kushonewa suruali, akarudi ipunguzwe, akarudi ipanuliwe, mpaka nikaelewa kwamba suruali haina kosa lolote.

Zihindula alipokuwa kibarua kwenye ghala moja la tumbaku kule Kanengo, Lilongwe, alikuta masanduku ya mbao yaliyoachwa na mzungu aliyerudi kwao. Ndani mlikuwa na gari la spoti katika vipande: bodi ya faiba, milango, taa, kila kitu isipokuwa injini na akili. Bosi akamwambia ayaondoe, yanambania nafasi. Akayaleta kwangu.

Kwa nini kwangu? Kwa sababu yeye alikuwa amepanga chumba ambacho hata baiskeli huingia kwa ubavu, nami nilikuwa na nyumba ya vyumba viwili na kibanda cha kushonea. Gari lilianza na kibanda. Halikushiba. Likavunja ukuta, likaingia chumba cha Carelle, na mwanangu akahamia sebuleni, kati ya cherehani na masufuria. Kitanda chake kikawa sanduku moja la mbao lililobaki. Zihindula alikuwa amelichungulia kwa juu, akaona sponji, akasema ni sponji za kufungia mizigo tu.

Usukani aliufunga kushoto, kama vile tuko Bukavu, akaufungua na kuufunga upya kulia. Injini ilitoka kwenye Toyota iliyogonga ng'ombe karibu na Mponela. Ng'ombe alipona.

Miaka miwili mizima nilikula vumbi la faiba na ugali kwenye sahani moja. Nilivumilia kwa sababu ya ahadi. "Mama Carelle," aliniambia, "siku ya arusi yetu, mi njo nitakupeleka kanisani, na hii gari."

Arusi ilikuwa ifanyike Jumamosi. Sasa tuko Alhamisi.

*

Alhamisi alasiri walikuja parrain na marraine wetu, yaani wasimamizi wetu wa arusi, kukagua gari.

Kwetu Bukavu, bibi arusi bila marraine ni kama cherehani bila sindano. Marraine ndiye anayemvalisha, ndiye anayemlaza kwake siku ya mwisho, ndiye anayepanda naye gari akiwa amemshika mkono, na hamwachii mpaka mbele ya altare. Kila mtu analijua hilo. Zihindula amecheza ngoma nyuma ya magari ya arusi hamsini, na katika kila gari alimwona marraine.

Marraine wangu ni Mama Olga, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu. Mungu alipokuwa akimgawia mwili hakutumia kipimo, alimimina tu. Mumewe, Papa Moïse, mrefu na mwembamba, huongea pale mkewe anapovuta pumzi.

Mama Olga alilizunguka gari mara mbili. Lilikuwa jekundu, limeng'arishwa mpaka unaona meno yako.

"Zihindula mwanangu, gari iko muzuri kabisa," akasema. "Sasa mi nitaingilia wapi?"

"Marraine, mulango njo ule."

"Mulango naona. Naulizia kiti."

"Viti njo bile bibili. Kimoja cha chauffeur, kimoja cha mariée," akasema, yaani kimoja cha dereva, kimoja cha bibi arusi.

"Na cha marraine?"

Zihindula akavihesabu viti kwa kidole. Akavihesabu tena. Nilimwona usoni kwamba kwa miaka miwili jambo hilo halikuwahi kumpitia kichwani.

"Na cha parrain?" Papa Moïse akadokeza.

"We nyamaza kwanza," mkewe akamwambia. "Donc mariée atapanda peke yake na mwanaume, mbele ya kanisa muzima? Kama ameibwa?"

"Njo bwana yake, marraine."

"Bado! Mpaka pasta aseme, bado!"

Zihindula akajitetea kwamba labda kiti kile cha mbele kinaweza kubeba watu wawili. Hapo ndipo alipokosea. Mama Olga ni mtu wa vitendo. Alivua kiatu kimoja, akageuka nyuma, akaanza kushuka ndani ya gari. Alishuka vizuri sana. Kupanda ndiko kulikoshindikana.

"Vuta!" akapiga kelele.

Papa Moïse akavuta mkono. Mimi nikavuta mwingine. Mchumba wangu, mwanamume niliyemchagua kwa hiari yangu, alikuwa anavuta kiti upande wake na kulia, "Hapana chana ngozi! Polepole! Ngozi!"

Ilibidi tufungue mlango kwa spana namba kumi na tatu. Mama Olga alitoka kama jino bovu, ghafla na kwa hasira, akaenda moja kwa moja kukaa juu ya kitanda cha Carelle, yaani juu ya lile sanduku. Akaomba maji.

Carelle akaleta maji. Alimpa kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama nilivyomfundisha, kisha akasimama na kuuliza kwa adabu kabisa:

"Bote munalilia viti. Sawa. Na mi nitaikala wapi?"



Mama Olga alikunywa maji. Papa Moïse alitazama dari. Mimi nilimtazama Zihindula, Zihindula akalitazama gari, kana kwamba gari lingemsaidia.

"We..." akasema hatimaye. "We utakuja na bantu ba chorale, bale ba kwaya. Na miguu. Ni karibu tu."

"Kila siku unamwitaka mama 'Mama Carelle'," Carelle akasema. "Mama Carelle kuja, Mama Carelle leta spana. Na mu gari yako Carelle haiko."

Akachukua kikombe, akatoka nacho nje.

Ndugu wasomaji, mimi ndiye mama yake. Tumbo hili ndilo lililombeba. Nami kwa miaka miwili nilikuwa nimejiona ndani ya gari lile jekundu, shela inapepea, majirani wanapiga vigelegele, na katika picha ile nzuri niliyokuwa nayo kichwani Carelle hakuwepo. Niliumia, na niliona haya.

Parrain na marraine walipoondoka nilimgeukia Zihindula.

"Sikia," nikamwambia. "Kama Carelle haina kiti mu hii gari, mi sina bwana."

"Mama Carelle, gari ilizaliwa na viti bibili. Mi haiko Mungu!"

"Basi omba Mungu. Uko na siku mbili."

*

Alitafuta msumeno. Alikuwa tayari kulikata gari lake nyuma ya viti na kupachika benchi la mbao, na nilipomwona ameshika msumeno huku machozi yanamlengalenga, nusura nimhurumie.

Nyuma ya viti alikuwa ameweka ubao wa plaiwudi na kuuvika kitambaa cheusi nilichokishona mwenyewe. Akaung'oa. Chini yake mlikuwa na shimo refu kiasi, alilokuwa akiliita shimo la mizigo. Na kwenye sakafu ya shimo lile, alama nne za puti, ile dawa ya kuzibia bodi.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Matundu. Bazungu banatoboaka tu matundu bila maana. Mi nilifunga na puti."

Mimi ni fundi nguo. Sijui gari, lakini najua kwamba mtu hatoboi tundu la kifungo halafu asiwe na kifungo. Nilipiga magoti nikayaangalia: mawili huku, mawili kule, yamepangika sawasawa.

"Zihindula," nikasema, "hapa kuna kintu kilikuwa cha kufunga."

Akanitazama. Nikamtazama. Kisha sote wawili tukageuka tukaliangalia lile sanduku sebuleni.

Tuliinua godoro, tukang'oa mbao za juu. Ndani mlikuwa na sare ya shule ya Carelle, madaftari yake, kioo kidogo chenye ufa, na sponji. Chini ya sponji hakuna kitu.

"Munatafuta nini mu bintu byangu?"

Carelle alikuwa mlangoni.

"Mlikuwa nini humu?" nikamwuliza.

Aliegemea ukuta. Sijui kama watoto wenu hudanganya wanapobanwa. Wangu ana ila nyingine, husema kweli.

"Kiti. Kidogo, kyekundu, cha bantu babili. Ya kuweka nyuma."

"Na iko wapi?" Zihindula akauliza kwa sauti iliyotoka puani.

"Nilipatia Papa Chabani wa sokoni. Njo akanipa hii matelas."

Zihindula akakaa chini, sakafuni, na spana yake.

Godoro lile! Mwezi wa sita, wakati wa baridi kali, nilirudi kutoka kupeleka nguo za wateja nikalikuta sebuleni. Carelle aliniambia ni msaada wa kanisa. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya waumini wote nikamshukuru pasta kwa godoro, tena kwa machozi, na pasta akapokea shukrani. Alisema, "Tusifu Bwana, ni kazi ndogo tu." Kazi ya nani, pasta?

"Ju ya nini hukusema kama mlikuwa kiti?" Zihindula akauliza.

"Nilingojea uulize."

"Niulize nini?"

"Mi nitaikala wapi." Alisema bila kupandisha sauti. "Myaka mibili unapima ile gari na mètre. Unapima mulango, unapima taa, unapima mpaka kivuli. Mi hukunipima hata siku moja. Nikasema, siku atauliza, nitamwambia. Baridi ikaanza. Hukuuliza. Na mbao iko ngumu."

Nilitaka kumchapa kwa kuniaibisha mbele ya kanisa. Mkono wangu ulikwenda ukaligusa godoro, ukabaki hapo. Mtoto alilala juu ya ubao mtupu na kitenge, hatua tatu kutoka kwenye cherehani ambayo nilikuwa nikishonea mapazia ya watu. Sikumchapa.

Zihindula akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Chabani anafunguaka saa ngapi?" akauliza.

*

Chabani ni mfanyabiashara wa Kindu. Anauza magodoro, masufuria, na chochote ambacho mwenzake hajui thamani yake. Tulimkuta Ijumaa asubuhi anapakia gari lake la matola, lile pikapu linalobeba watu na mizigo pamoja, anakwenda Lilongwe.

"Kile kiti?" akasema. "Ah, Mama Carelle! Kiti kama kile hakiishi kambini. Nilikipeleka Kauma, kule Lilongwe, kwa kinyozi mumoja, rafiki yangu. Kiko nafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Bantu banaikalia banakatwa nywele."

Tulikuwa na ruhusa ya kutoka kambini, tuliyokuwa tumeiombea maua ya arusi. Maua yakasahauliwa. Tukapanda nyuma, mimi na Zihindula, juu ya magunia ya mahindi, tukashika barabara kuu ya M1.

Kinyozi wa Kauma alikuwa amekiweka kiti kwenye jukwaa la matofali, kama cha chifu. Kiti chetu! Chekundu, ngozi tupu, kimeshonwa kwa uzi mweupe mshono ambao hata mimi sijawahi kuuweza. Mteja alikuwa amejinyoosha juu yake amefumba macho.

Chabani alieleza mambo kwa Kichewa. Kinyozi alitikisa kichwa. Chabani akaeleza tena, akanionyesha mimi, akaonyesha kidole changu kisicho na pete, akaweka mkono kifuani kama mfiwa. Kinyozi akaguna.

"Anasema tangu kiti kifike, bateja banapanga foleni," Chabani akatafsiri. "Lakini arusi ni arusi. Atakitoa. Ila we mama umushonee bile bitambaa bya kufunga bateja shingoni, bibili, na jina la saluni."

"Nitashona."

"Na anataka kumunyoa mwenye arusi mu kile kiti. Aseme kwa bateja kama kiti kilienda na heshima."

Zihindula anazipenda nywele zake. Kila asubuhi huzichana kwa mafuta na dua. Lakini aliketi kwa hiari, akafungwa kitambaa shingoni, akasema, "Kidogo tu. Kwa masikio."

Kinyozi, ambaye hakungoja tafsiri, akaanza na upande wa kushoto. Alikuwa na mkono mwepesi, mashine inaimba, nywele zinaanguka. Alipofika katikati ya utosi, mashine ikanyamaza.

Kinyozi akaipiga kofi. Akatazama taa. Akatazama duka la jirani, ambako redio pia ilikuwa imenyamaza.

"Magetsi," akasema kwa unyonge. Umeme umekatika.

"Utarudi saa ngapi?" Zihindula akauliza.

Kinyozi akacheka. Si kwa ubaya. Mtu wa Kauma akiulizwa umeme utarudi saa ngapi, hucheka tu.

"Amalize na wembe!" nikasema.

Kinyozi akachukua wembe kutoka dirishani, ambako alikuwa akikatia limau. Zihindula akauona, akashuka kutoka kwenye kiti chake cha heshima.

"Leo Ijumaa," Chabani akasema akitikisa funguo. "Swala hainingojei mi. Munaenda ao munabaki?"

"Pepani, bwana," kinyozi akamwambia Zihindula, akimpa pole, akamwazima kofia.

Tukarudi Dzaleka na kiti juu ya magunia, na bwana arusi nusu. Upande wa kulia alikuwa kijana wa mjini, upande wa kushoto yai. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimwambia avue kofia afanane na picha ya kitambulisho. Aliivua. Askari alimtazama muda mrefu, akamwomba aivae tena, akatuambia twende na Mungu.

*

Nilitoboa puti kwa sindano yangu ya magunia. Zihindula akateremsha kiti ndani ya shimo lile, na bolti nne zikaingia kwenye matundu manne kama zimetumwa. Kiti kilitulia. Alikitikisa, hakikucheza. Nilimsikia akisema peke yake, "Ilikuwako tu. Siku zote ilikuwako."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinitoa futi yangu ya kupimia nguo shingoni, akamwita Carelle.

"Kuja. Simama hapa."

"Ya nini?"

"Nipime miguu. Nione kama kiti cha mbele kitakufinya."

Carelle alisimama mikono kifuani, uso ameukunja. Zihindula akapiga goti mbele yake na kichwa chake kilichonyolewa nusu, akapima kutoka kiunoni mpaka gotini, kutoka gotini mpaka kisiginoni. Akapima tena, kuhakikisha.

"We mrefu," akasema. "Sikujua uko mrefu vile."

"Nilikuwa nakomea wapi?" Carelle akamjibu, yaani alikuwa akikulia wapi kama si mbele ya macho yake. Lakini alisema huku anatazama pembeni.

Zihindula akasogeza kiti cha mbele. Carelle akapita nyuma, akaketi. Alivuta miguu, akainyoosha. Ilitosha. Hakusema asante, na sisi hatukumdai. Nilikwenda nyuma ya cherehani nikajifanya natafuta uzi, nikalia kidogo, nikarudi.

Hadithi ingekuwa imeisha hapo kama Mama Olga angepotea njia.

Hakupotea. Jioni jua likiwa bado juu alifika kunichukua nikalale kwake, kama desturi inavyotaka. Gauni langu lilikuwa kwake tayari, viatu vyangu kwake, na pete pia kwa Papa Moïse. Alikiona kiti, akapiga makofi.

"Alléluia! Njo kiti ya marraine!"

"Marraine..." nikaanza.

"Carelle mama, shuka nipime."

Carelle akanitazama. Akashuka.

Mama Olga safari hii alikuwa mwerevu. Alijaribu kwanza kwa paja moja. Paja moja lilijaza kiti. Akalitoa, akasimama, akatafakari.

"Hiki ni kiti cha batoto," akasema.

"Ndiyo, marraine," Zihindula akajibu.

"Basi kitolewe, muweke benchi."

"Hapana, marraine."

"Hapana gani?"

"Kile kiti kina mwenyewe."

Mama Olga aliweka mikono kiunoni. "Zihindula. Batoto banatembeaka. Marraine hatembeake. Njo desturi yetu. Tulitoka nayo Bukavu na miguu, na haikuwa mzigo. We unataka kuitupa hapa ju ya gari?"

Hapo alisema neno. Nisimcheke kila mahali. Tulipokimbia, mwanamke yule alitoroka na mikeka miwili na mawifi watatu, na ndiye aliyetuvalishia maharusi wote kambini kwa shela moja, kila mara kama vile bibi arusi ni bintiye wa kumzaa. Yeye ndiye aliyenifunga kitenge cha ujane, akasema siku moja atakifungua. Mimi nampenda Mama Olga.

"Mi nakuheshimu, marraine," Zihindula akasema. Akavua kofia kumpa heshima, kwa bahati mbaya.

"Yesu!" Mama Olga akaruka. "Nani amekukata nusu?"

"Umeme."

"Haya. Ni alama mbaya hii. Haya!" Akamgeukia mumewe. "Moïse, umeona?"

"Nimeona," Papa Moïse akasema.

"Sasa sikia, Zihindula. Mtoto akiikala mu ile kiti kesho, mi na bwana yangu tunatoka. Tafuta parrain mwingine na marraine mwingine mpaka asubui. Na we unajua pasta. Bila marraine hafungue kitabu."

Ni kweli. Pasta wetu hupokea shukrani za magodoro asiyoyatoa, lakini kwenye jambo la marraine ni mwamba.

 Zihindula alimfungulia Carelle mlango, akamwonyesha nyuma kwa kidevu. Carelle akaingia. Kisha yeye akazunguka, akavuta turubai la plastiki lililokuwa ukuta wa kibanda changu, mwanga ukaingia, akaketi kwenye usukani, akawasha.

Gari likapiga chafya. Likapiga ya pili. Kisha likanguruma mpaka masufuria yangu yakalia, na majirani wakatoka na nsima, ugali wa huku, mikononi. Miaka miwili hatukuwahi kulisikia likifanya vile.

Mlango wa upande wangu ulikuwa wazi. Kiti cha mbele kitupu.

"Mama Carelle," akasema. "Ingia."

Mama Olga akanishika kiganja cha mkono. Alinishika vizuri, kama marraine. "Rosette, tuende. Robe iko kwangu. Kesho tutasema na akili. Usitupe arusi yako ju ya kiti."

Nikasimama kati yao. Nikamtazama mwanangu kule nyuma. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti yake yaliyopimwa. Aliuona mkono wa Mama Olga. Akanitazama mimi. Halafu akashika ukingo wa mlango, akaanza kuinuka.

"Acha tu, mama," akasema. "Mi nitatoka. Nimezoea."

Alisema bila hasira. Angekuwa na hasira ningestahimili.

"Ikala, Carelle," Zihindula akamwambia bila kugeuka.

Injini ikakohoa. Sikuwa na muda mrefu, maana gari lile likizima huchukua nusu saa kuwaka, na ushujaa wangu hauwezi kungoja kiasi hicho.

Nikavuta mkono wangu kuelekea garini. Mama Olga naye akauvuta kwake. Mtanikuta papo hapo juma lijalo.